Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Watu wa Ujiji tuna ubishi, na mimi nilipewa zaidi ya fungu langu. Niliposikia kuna Mrundi mmoja, mkimbizi, anachechemea, lakini anaweza kumwangusha mtu yeyote bila kumpiga, niliacha nyavu nilizokuwa nashona nikaenda kumwonyesha kazi. Nilimkuta kwenye ghala la nyavu pale Kasingirima. Nilimkamata ukosi. Kilichofuata sikijui, ila nakumbuka nilikuwa natazama bati lililotoboka, na yeye ameniinamia.

"Umeumia?"

"Hapana," nikasema, na nilikuwa naongopa.

"Basi simama, mdogo wangu. Tuanze."

Ndivyo nilivyoanza aikido, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu mwenye mke.

Tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundishwa Bujumbura na Mjapani aliyekuja kwa kazi ya barabara. Vita ilipofika mtaani kwao alikimbia hadi Kagunga, akaletwa Kigoma kwa boti pamoja na wenzake, akapelekwa kambini, akatoroka. Mchana aliwasaidia mafundi kuziba nyufa za boti, jioni alitufundisha. Kabla yake hakuna mtu Ujiji aliyewahi hata kulisikia jina la mchezo ule.

Mikeka ya mazoezi hatukuwa nayo, kwa hiyo tulitandaza nyavu kuukuu tabaka juu ya tabaka, tukazifunika kwa turubai la wakimbizi. Tulirudi nyumbani tunanuka dagaa. Mwanzoni tulikuwa tunapiga magoti na kuinama mpaka paji la uso liguse turubai, kama desturi ya mchezo inavyotaka, hadi mzee mmoja wa mtaa alipochungulia dirishani akafoka, "Nyie watoto wa Kiislamu, mnamsujudia nani humo ndani?" Mwalimu, Mkristo wa watu, alimpa shikamoo yake kwa adabu, na tangu siku ile tukawa tunaweka tu mkono wa kulia kifuani. Alikuwa mwepesi wa kuacha jambo lisilo na maana. Mimi sina kipaji hicho.

Sasa nije kwenye mguu. Kabla ya kumrusha mtu, Mwalimu aliuburuta mguu wa kushoto chini, nusu duara, polepole. Sisi tuliita kuchota. Alipokaa, aliunyoosha huo huo mguu pembeni. Alipobingirika, alibingirikia bega la kulia, kamwe si la kushoto. Hatukuuliza. Tulimwona anachechemea njiani kila siku, lakini akishaingia ghalani tuliamini kila anachofanya ni ufundi. Tukachota, tukanyoosha, tukabingirikia kulia, wote tisa.

Siku moja alitupanga mstari mmoja, akatuambia turudie mrusho ule ule kwa pamoja. Miguu tisa ya kushoto ikaburutwa kwenye turubai. Mwalimu alishika mdomo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu kicheko kikakatika.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi. Tukasubiri atusahihishe. Alitutazama mmoja mmoja, miguuni. "Oya. Iacheni hivyo hivyo."

Tulivimba vichwa wiki nzima. Tulidhani tumesifiwa.

Kisha ikaja amri kwamba kila mkimbizi arudi kambini. Askari walimshusha kutoka kwenye lori pale Kidahwe, akitoka kununua mihogo, wakampeleka na nguo alizovaa. Nilimfuata mara moja tu, baada ya miezi mitano, na hiyo mara moja naionea aibu mpaka leo. Nilimkuta amekaa mlangoni pa kibanda chake, mguu umenyooshwa, anapukuchua maharage. Alikuwa amekonda. Hapo ndipo nilipomuuliza goti liliumiaje.

"Nilikuwa nashuka mlima kwenda ziwani," alisema, "nimembeba mama mgongoni. Nikajikwaa kwenye mawe. Kuanguka nakujua, mdogo wangu, ndiyo kazi yangu. Lakini mtu mwenye mama mgongoni habingiriki. Nililitua goti, likapokea uzito wetu wote wawili. Yeye hakuchubuka hata kidole."

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimzika Kagunga, siku ya nne. Kipindupindu."

Akaendelea na maharage yake. Nilipoaga ndipo akasema, bila kuinua uso, "Mjapani wangu amekufa. Wenzangu wa Bujumbura wamekufa. Kilichobaki kiko kwenye lile ghala lenu. Usikiache kife."

Nikaapa. Niliapa kwa sauti, majirani zake wakageuka.

Kambi ilifungwa, wakapakiwa kwenye mabasi kurudishwa kwao. Nilituma salamu kwa wachuuzi wa Kagunga wanaovuka mpaka. Zilirudi vile vile, kwamba mtu huyo hajulikani.

Nilifundisha miaka sita. Tulikuwa wachache, lakini tulikuwa tunachota. Ndipo akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu wa chama cha mchezo, na sare nyeupe iliyopigwa pasi. Alisema atatukagua, akiridhika tutaandikwa, tutapata vyeti na mikeka ya kweli. Alitutazama dakika tano tu.

"Mbona wote mnaburuta mguu?"

Nilikuwa najua. Nataka ieleweke hivyo, maana watu wakinihurumia husema sikujua. Nilijua mlima ule, nilijua mgongoni kulikuwa na nani. Ningeweza kumwambia. Lakini niliiona ile sare, nikaliona turubai letu limepauka, nikaona soo. Nikacheka.

"Ah, mheshimiwa, tusamehe. Aliyetufundisha alikuwa kilema, mkimbizi tu."

Mgeni akacheka pia. Akasema turekebishe, atarudi baada ya miezi mitatu. Nikawanyoosha wanafunzi wangu kwa ukali ambao Mwalimu hakuwahi kuwa nao. Aliyechota nilimrudisha nyuma arudie mara hamsini. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kufikia mwezi wa tatu hakukuwa na mguu ulioburutwa kwenye turubai.

Mgeni hakurudi. Barua zangu mbili hazikujibiwa. Wanafunzi wakachoka kusubiri, mmoja akaenda Mpanda, wengine ziwani, na mwenye ghala akaweka majokofu ya samaki. Nyavu zile kuukuu nilizichoma mwenyewe nyuma ya nyumba.

Wanafunzi wanne wako hai hapa mjini. Idi iliyopita tulikutana kwangu baada ya swala, nikawaomba wanionyeshe, pale pale uani, jinsi tulivyokuwa tunachota zamani. Wakaangaliana. Mmoja alijaribu, akayumba, akacheka. Mwingine akasema, "Mwalimu, si ulitukataza?" Nikasimama niwaonyeshe mwenyewe. Mguu wa kushoto uliinuka, ukapiga hatua safi, iliyonyooka, ya kwenye vitabu.

Nilirudia mara nne. Mke wangu akatoka jikoni akaniambia niache, chakula kinapoa.