Mlaji wa Ukoo Aliyekatwa Tumbo

"Baba mkubwa, kwani wewe hushiba lini?"

Nilimuuliza hivyo mwaka mmoja kabla ya Uhuru, nikiwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Malaba. Mama alinifinya paja mpaka machozi yakanilenga. Baba mkubwa Opolot alicheka, kiti kikalia chini yake, kisha akanyoosha mkono akachukua firigisi ya kuku ambayo baba yangu alikuwa bado anaitazama.

Alikuwa karani wa mizani katika stoo ya pamba karibu na stesheni. Wakulima wanaleta magunia, yeye anasukuma chuma cha mizani kwa kidole kimoja, anatamka ratili, basi. Siku moja vijana wa stoo walimpandisha yeye mwenyewe juu ya mizani kwa utani. Ratili mia tatu na kumi. Akashuka akipepesuka, akatangaza hesabu hiyo sokoni wiki nzima kana kwamba amepasi mtihani.

Lakini sifa yake haikutoka stoo. Kwetu, watu wakienda kuposa, wenyeji huweka chakula, na chakula hicho hakibaki. Kikibaki, wenyeji wanasema, "Wamekataa mikono ya binti yetu," na maneno ya ng'ombe wa mahari yanakufa hapo hapo. Sasa wazee wa ukoo wetu, badala ya kula kama watu wengine, walikuwa wanamchukua Baba mkubwa. Wao wanaonja onja na kusema maneno makubwa, yeye anamaliza. Alimaliza Matayos. Alimaliza Butula, mahali ambapo wanasema mpishi alikwenda kulia nyuma ya jiko. Wakirudi, wazee wanamtembeza Malaba yote kama fahali aliyeshinda wengine. Mimi nilikuwa namwona mzee anayetokwa jasho, mwenye mafuta kidevuni, na nyuma yake wazee sita wasio na kazi.

Na dharau yake! Kwake mtu mwembamba hakuwa mtu. Baba yangu ni mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, na Mungu hakumpa nyama nyingi. Kila akiingia kwetu Baba mkubwa alisema, "Mwalimu, leo kuna upepo. Shika mlango usije ukapeperuka." Baba alicheka. Mimi sikucheka.

Mwaka wa sitini na tano miguu ilianza kumvimba. Alikuwa analala ameketi, kwa sababu akijinyoosha pumzi inakatika. Ngazi tatu za stoo zikamshinda, vijana wakawa wanamsukuma kwa nyuma. Sista wa zahanati akamwambia bila kuficha, "Mzee, haya mafuta yatakuua. Nenda Kampala, kuna daktari anayeweza kupunguza tumbo kwa kisu."

Habari zilipowafikia wazee, walikuja mbio. Hata kwenye matanga huwa hawafiki mapema hivyo. Mzee Egwang, mkubwa wao, alikalia kiti kizuri, akakohoa, akasema, "Opolot, ukikatwa tumbo, nani atatulia chakula?"

Nilikuwa kwenye mkeka na daftari langu la hesabu. Nilingoja mmoja wao aulize kama mgonjwa atapona. Walikunywa chai, wakaomba ya pili, wakaenda zao.

Baba mkubwa alipanda gari la moshi kwenda Kampala na Baba, yule mdogo mwembamba. Baba ndiye aliyemsaidia kupanda na kushuka. Baadaye alinichorea kwa chaki yale yaliyofanyika: daktari alikata sehemu kubwa ya tumbo, akaacha kifuko kama ngumi ya mtoto, akakiunganisha na utumbo. Niliandika yote. Nilipopeleka shuleni, mwalimu wetu wa sayansi alisema ni uongo, mtu hawezi kuishi. Nikamwambia anaishi, yuko Malaba, njoo umwone. Hakuja.

Alirudi na kijiko cha chai mfukoni. Vijiko sita vya uji, basi. Baada ya saa mbili, sita tena. Akila chochote lazima atafune mpaka kiwe maji. Chai ya sukari ndiyo ilikuwa adui. Siku moja tulikuwa Busia kwa Edris, fundi wa nguo, na Edris kwa wema wake akampa kikombe chenye sukari vijiko vinne. Haikupita robo saa: moyo mbio, jasho, mikono inatetemeka, tukamlaza juu ya vitambaa.

Tulikuwa tumepeleka suruali. Mwaka mmoja ulikuwa umepita, ratili mia na thelathini zimekwenda, ngozi inaning'inia mikononi, na bado alikuwa anavaa zile suruali za zamani, amezikunja na kuzifunga kamba. "Tumbo litarudi," alikuwa anasema. Edris aliipima moja, akatikisa kichwa. "Mzee, hii nikikata unapata mbili, na mtoto huyu anapata mfuko wa vitabu." Baba mkubwa, akiwa bado amelala pale, akasema, "Kata." Akageuza uso ukutani.

Msidhani aligeuka malaika. Krismasi majirani walipochoma nyama alilia kama mtoto. Alimrushia mkewe Leonida kijiko, ati amemwekea chakula cha kifaranga. Kisha akala sahani nzima kwa hasira, akatapika nyuma ya nyumba, akarudi akamlaumu Leonida tena kwa nini hakumzuia. Leonida aliosha sahani. Miezi miwili ya kwanza baada ya Kampala alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria ile ile kubwa kwa mazoea, na jioni wanakaa wawili wanautazama.

Na kisimani wanawake wakaanza: "Leonida anamnyima mzee chakula." Wengine: "Amerogwa ng'ambo huko Uganda." Wale wale waliokuwa wanamwita mkubwa sasa wanapita bila salamu. Mzee Egwang alimpata mlaji mpya, Oriokot, kijana wa stesheni anayekula kwa mikono miwili na kupumua kwa pua kama mbwa aliyekimbia. Wakamsifu huyo. Mtu yeyote angewafaa, mradi asiwe na meno ya kuchagua.

Basi mwaka jana Okiror, mtoto wa Baba mkubwa, akataka kumwoa Atyang wa Chakol. Shangazi yake Atyang, mama Aluka, alikuwa ameshawafukuza watu wa familia moja kwa sababu waliacha nusu sahani. Okiror hakulala wiki nzima. Wazee wakaja kwa Baba mkubwa na ushauri wao. "Kaa nyumbani," Egwang akasema. "Tutasema una malaria. Ukienda huko na hicho kijiko chako, kijana atakosa mke."

"Mimi ni baba yake," Baba mkubwa akasema.

"Baba asiyekula ni aibu."

"Nitakwenda."

Nilikwenda pia, kama dada wa bwana harusi, pamoja na mama zangu. Wazee walikuwa na ujanja wao: Oriokot akae ubavuni mwa Baba mkubwa na ale pande zote mbili. Lakini mama Aluka hakuzaliwa jana. Alileta sahani ya baba wa bwana harusi peke yake, ugali wa wimbi na mchuzi mzito wa njugu, akamwekea mbele, akasimama hapo mikono kiunoni.

Baba mkubwa alikata tonge. Akatafuna. Sisi wote tunamtazama, yeye anatafuna tu. La pili. Okiror alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. La tatu lilichukua muda mrefu zaidi. Kisha akavuta bakuli la maji, akanawa.

Mtu kunawa ni kusema nimemaliza. Sahani ilikuwa karibu nzima.

"Kula, bwana!" Egwang akanong'ona, kwa sauti ambayo hata kuku waliisikia.

Mama Aluka akasema, "Mzee, mikono ya mtoto wetu imekushinda?"

Oriokot, mdomo umejaa, akanyoosha mkono. "Usijali, mama. Mimi nitamalizia ya mzee."

Baba mkubwa akaifunika sahani kwa kiganja. "Wewe wacha." Akamgeukia mama Aluka. "Mama, nimekula katika nyumba zaidi ya arobaini. Ukiniuliza ladha ya hata moja, siijui. Nilikuwa nameza. Sasa daktari amenikata tumbo, siwezi kumeza bila kutafuna. Hiki chenu nakijua. Huu ni uyoga wa kichuguu, ulikaushwa juu ya moshi. Njugu zilikaangwa kidogo tu, hazikuungua. Wimbi lilisagwa kwa jiwe, halikupelekwa mashine. Aliyepika hakuwa na haraka."

Ndani ya nyumba nilisikia sufuria ikiwekwa chini pole pole.

Mama Aluka akamtazama Oriokot. "Na wewe kijana, umekula nini?"

"Nyama, mama. Tamu sana."

"Nyama." Akageuka akaonyesha zizi. "Mbuzi wetu wote wale pale wamelala. Umekula yupi?"

Wanawake ndani walipasuka kwa kicheko. Oriokot akatazama vidole vyake kama vimemdanganya. Mama Aluka aliichukua sahani ya Baba mkubwa, akafunga chakula katika jani la mgomba, akamrudishia kwa mikono miwili. "Utakula njiani, mzee, kidogo kidogo. Haya, wazee, ongeeni ng'ombe."

Tukirudi Malaba, wazee walitangulia wakipiga kelele. Egwang alikuwa anawaeleza wengine jinsi alivyopanga mambo tangu mwanzo. Oriokot naye anasema tumewalia chakula vizuri. Okiror alikuwa anaimba. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kuona kama Baba mkubwa anafuata.

Alikuwa amechoka, akaketi juu ya jiwe kando ya barabara, akafungua jani. Akatoa kijiko mfukoni. Nilisimama karibu. Alitafuna mpaka wale wengine wakapotea kwenye kona.

"Ulikuwa umeniuliza nashiba lini," akasema. "Nilisikia, nikacheka tu. Sikuwa nashiba, mtoto. Nilikuwa naacha kula watu wakiacha kunitazama."