Helmeti na Maji ya Baraka

Jirani anapaka geti lake rangi ya kupuliza, na harufu yake imenirudisha uani kwetu Kathiani.

Dada yangu alikuwa akiunda helmeti ya askari wa anga za juu, ya kuvaa kwenye mchezo wa kuigiza shuleni. Ilikuja vipande vipande kwenye katoni. Aliviunganisha kwa gundi, akavisugua kwa msasa, akaipuliza rangi ya fedha, akaiweka juu ya kinu ikauke.

Susu, nyanya yetu, aliizunguka mara mbili.

"Hiki kichwa ni cha nani?"

"Si cha mtu, Susu. Ni cha kuvaa tu."

"Kichwa hakina mwenyewe, na kina macho?"

Akaingia ndani, akatoka na chupa yake ya maji ya baraka, akainyunyizia helmeti rangi ikiwa bado mbichi. Kila palipoanguka tone, rangi ilitoka malengelenge.

"Si mmeona?" alisema. "Kitu kisafi hakiungui na maji ya baraka."

Dada alilia. Mimi nilijua ni rangi tu. Lakini alipoivaa, nilimwambia aongee kwanza ndipo nimkaribie.

Leo helmeti iko kwangu, juu ya kabati. Nimeigeuza itazame ukuta.