Kumsindikiza Nekesa

Niliyemwona nilimwona kwa macho haya mawili, nikammiminia chai kwa mikono hii, na kikombe alichokiacha ninacho kabatini mpaka leo. Ukitaka kusema ni ndoto, au ni upweke wa ugaibuni umenipanda kichwani, sema, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho. Mume wangu naye alianza kwa kusema hivyo hivyo. Siku hizi hasemi hivyo tena.

Na nikwambie mapema, kama unangoja kwato, hakuna kwato. Sisi wa Tanga tumekua na habari za wanawake wazuri wenye miguu ya punda, na nilipohamia Sydney nilidhani mambo hayo nimeyaacha nyuma pamoja na joto. Miguu ya Nekesa ilikuwa miguu ya watu, imevaa raba zake nyeupe za kazini. Laiti ingekuwa ya punda, ningemfungia mlango.

Nekesa alikuwa Mkenya wa Bungoma, anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Quakers Hill. Tulijuana kwenye treni. Mimi nilikuwa namgombeza mume wangu kwa simu, kwa Kiswahili, nikijua hakuna anayenielewa, mara mwanamke wa kiti cha mbele akaanza kucheka mpaka mabega yanatikisika. Tukashuka tukiwa marafiki.

Unajua kuzaa ugenini kulivyo? Unarudi nyumbani na mtoto mikononi, hakuna mama, hakuna wifi, hakuna wa kukukanda kwa maji ya moto. Mume anakuangalia, nawe unamwangalia. Raya alipozaliwa, Nekesa ndiye aliyekuja kunikanda, tena akitoka kazini alikoshinda akiwageuza wazee vitandani. Hakuwa na mtoto wala mume, na Raya akawa wake kama alivyo wangu. Kila Jumapili utamsikia kwenye njia ya pembeni, maana sisi tunakaa nyumba ndogo ya uani huku Toongabbie, "Hodi hapa wenyewe," na mtoto tayari yuko mlangoni anarukaruka. Anamchukua kwenda kwenye bembea za karibu na stesheni. Raya alikuwa mvivu wa kutembea, kila hatua anauliza kama wamefika. Nekesa jibu lake lilikuwa moja tu, hata kama mtaa mzima umebaki mbele: "Bado kidogo tu."

Halafu ikaja ile baridi ya mwaka wa pili wa korona. Sisi wa magharibi mwa mji tulifungiwa kuliko wote. Helikopta za polisi zinazunguka juu ya mapaa, usivuke kilomita tano kutoka kwako, usimtembelee mtu, mtu asikutembelee. Mume wangu alikuwa na kibali cha kwenda kazini kwenye ghala moja huko Ingleburn, anaondoka giza na kurudi giza. Mimi nikabaki na mtoto wa miaka miwili na nusu na kuta nne. Quakers Hill ni vituo vichache vya treni, lakini mwaka ule ilikuwa mbali kama Bungoma yenyewe. Raya akawa anambusu Anti yake kwenye kioo cha simu, mpaka kioo kinaloa mate.

Zikapita siku Nekesa hapokei simu. Sikushtuka. Wenzake wengi walikuwa wamewekwa karantini, na waliobaki walikuwa wanapigishwa zamu mbili mbili. Nikasema amechoka, akilala ataamka.

Siku yenyewe nilikuwa nakaanga vitumbua. Unga nilikuwa nimeuumua tangu asubuhi, na chuma changu nilitoka nacho nyumbani, hakiachi kushika chini ukigeuka tu upande. Raya yuko sakafuni na vikombe vyake vya plastiki. Nikasikia, "Hodi hapa wenyewe."

Nikajibu karibu. Hata sikugeuka. Nani huyo wa kwetu anayesikia hodi akaanza kufikiria kwanza? Karibu hutoka yenyewe mdomoni. Nilipogeuka, Nekesa alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, amevaa sare ya kazini ya mikono mifupi, barakoa usoni. Nilifurahi, wallahi. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka korona, nikabaki nimeinua kijiko cha kugeuzia kama kichaa. Nikamuuliza amewapitaje polisi.

"Hakuna aliyeniona, Mama Raya," akasema.

Sauti ilikuwa yake, ila imechoka. Nikammiminia chai ya tangawizi, nikamsogezea na vitumbua viwili. Hakugusa. Nikamtania kwamba Wakenya siku hizi wamekuwa na maringo, wanataka chai yenye maziwa nusu sufuria. Hakucheka, na Nekesa alikuwa mtu wa kucheka hata msibani. Na Raya, huyu aliyekuwa akibusu simu, hakumkimbilia. Alisimama katikati ya chumba na kikombe chake cha plastiki, anamtazama tu. Niliyaona yote haya. Nikajiambia mtoto amemsahau, si miezi imepita? Macho yanaona, moyo unayatafutia sababu.

"Kwangu kuna baridi mbaya," Nekesa akasema. "Nimekaa huko pekee yangu, nikaona wacha nije niwaone."

Nikamwambia avae sweta yangu. Akatikisa kichwa. Akakaa kidogo, kisha akainuka.

"Wacha niende. Nisindikize kidogo."

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Hata kama umekasirika naye, utamsindikiza, walau mpaka kwenye mlango wa nje. Lakini mimi nina vitumbua sita kwenye chuma, ndio kwanza nimemimina, nikitoka vinaungua vyote. Nikafanya ambalo mama yangu angefanya, na mama yake pia. Nikasema, "Raya, msindikize Anti mpaka getini."

Nilitazama saa ukutani, nayo ilikuwa saa kumi na moja. Saa kumi na moja kwetu Tanga ni jua la kupelekea watoto kucheza mpira. Ningekuwa kwetu, hata mwendawazimu hamtoi mtoto nje ikiingia magharibi, tumekatazwa hayo tangu tukiwa tumbo wazi. Lakini baridi ya Sydney jua huzama saa hiyo hiyo ya kumi na moja, na mimi, miaka yote ile niliyokaa huku, kichwa changu bado kilikuwa kinasoma saa ya Tanga. Taa ya jikoni inawaka, dirisha limejaa mvuke wa mafuta. Niliona vivuli vyao viwili tu vikipita, kirefu na kifupi, mkono wa kifupi umeinuliwa na kushikwa. Nikageuza vitumbua.

Sikusikia geti. Nikadhani wamesimama wanaagana, maana sisi kuagana kwetu ni safari nyingine. Nilikuwa naepua vile vya mwisho mume wangu alipoingia amembeba Raya, nje kweusi kabisa.

"Mtoto anafanya nini nje na magharibi imeingia?"

Nikamwambia alimsindikiza Nekesa, ametoka sasa hivi, lazima mmepishana. Akaniambia mtaa ulikuwa mtupu toka mwanzo mpaka mwisho. Mtaa wetu umenyooka, hauna kichochoro, usingeweza kumkosa hata paka. Alimkuta Raya amesimama nje ya geti, ametazama upande wa stesheni, mkono wa kulia ameuinua juu. Tukajaribu kuushusha. Ulikuwa wa baridi, na vidole vimekunjwa kama vimeshika kitu kinene kuliko hewa.

Kesho yake akanipigia dada mmoja anayefanya kazi na Nekesa. Alikuwa analia, nikajua kabla hajasema. Nekesa alipata korona akajifungia kwake, akawaambia kazini anaendelea vizuri, kwetu hakusema neno. Alikuwa mtu wa kuficha maumivu. Hakuitika simu, wakaenda watu kuvunja mlango asubuhi ile. Daktari akasema amekaa maiti siku mbili au zaidi.

Hesabu wewe mwenyewe. Mimi sikuweza, nilikwenda kukaa sakafuni karibu na kile kiti. Chai ilikuwa bado pale, imejaa vile vile, imeganda utando juu.

Maiti haikuweza kurudishwa Bungoma. Mazishini waliruhusiwa watu kumi, na kumi hawakutimia, kwa sababu wenzake wengi walikuwa karantini na sisi hatukuruhusiwa kuvuka. Tuliangalia kwenye simu. Nililia sana, nalia na sasa hivi nikikuhadithia. Mwanamke aliyeosha wazee wa watu, akamkanda kila mzazi wa Kiafrika wa huku, amekwenda kaburini hana hata msafara. Raya alikuwa mapajani mwangu. Aliangalia simu bila kuonyesha kama anamjua yule anayefukiwa. Mkono wake ulikuwa juu.

Nikampigia mama yangu, nikamweleza yote.

"Mgeni ndiye humwambia msindikizaji wake rudi," akasema. "Huyo mgeni wako, alimwambia?"

Ni kweli, na wewe unajua ni kweli. Unamsindikiza mtu, unafika naye mahali, yeye ndiye anasimama anasema basi, yatosha, rudi sasa, asante. Bila hivyo unaendelea tu, huwezi kumgeukia mgeni mgongo. Nikampigia Raya magoti, nikamuuliza kama Anti alimwambia arudi nyumbani. Akatikisa kichwa. Mpaka leo nikimuuliza anatikisa kichwa.

Tumefanya nini hatujafanya? Baba yake kamsomea, sheikh wa Tanga kamsomea kwa simu, rafiki zake Nekesa wa kanisani walikuja kumwombea kufungiwa kulipoisha, na mimi niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wao. Madaktari wameupima mkono, wakapima kichwa, hawaoni kitu. Mimi mwenyewe nimekwenda kaburini nikamsihi, Nekesa shoga yangu, mwambie mtoto arudi, umeshafika. Upepo ulikuwa unapeperusha maua ya plastiki ya makaburi ya jirani. Nilirudi kama nilivyokwenda. La kuvunda halina ubani.

Miezi ya kiangazi utamwona mtoto kama watoto wengine. Anasoma, anagombea vitu, anajibu Kiingereza hata nikimsemesha Kiswahili, ana shavu. Ila ukimshika mkono barabarani atakupa wa kushoto, wa kulia una mwenyewe. Ikija baridi, jua likianza kuzama saa ile, anainuka. Baridi iliyofuata tulimkuta mwishoni mwa mtaa. Nyingine tulimkuta kwenye bembea, hapandi, amesimama tu. Geti tumetia kufuli, na sijui anapita wapi. Kila mwaka anafika mbele zaidi, na kila akirudishwa anarudi mwembamba zaidi, na jina lake inabidi uliite zaidi ya mara moja.

Mwaka huu nilimkuta stesheni. Alikuwa ukingoni kabisa mwa jukwaa, amepita mstari wa njano, mkono juu, anatazama upande wa Quakers Hill. Watu wamesimama na simu zao, kila mmoja akidhani mtoto yuko na mwenzake. Treni ilikuwa inaingia. Nilimkamata kiunoni nikaanguka naye chini. Akanitazama bila hasira, kama mtu uliyemsimamisha akiwa na safari yake, na mtoto huyu ambaye hajawahi kuniungia sentensi nzima ya Kiswahili akaniambia, kwa lafudhi ya Bungoma, "Mama, Anti anasema bado kidogo tu."

Mume wangu anataka tuhamie Ingleburn, karibu na kazi, mbali na reli hii. Nimemwambia sawa, tuhame, lakini mkono tunahama nao. Usiku nalala nimeuweka kifuani pangu niupashe moto. Haupati moto. Nikikwambia sijui baridi ijayo atafika wapi, nakudanganya. Najua.

Wewe uliye ugenini, usiamini saa ya ukutani. Chungulia nje ulione jua kwanza. Ukisikia hodi, geuka umtazame anayeingia kabla ya kusema karibu, hata kama una hamu ya watu kama niliyokuwa nayo mimi. Na mgeni akikuomba umsindikize, zima jiko, utoke mwenyewe. Vitumbua acha viungue.