Mama alifunga kavu katikati ya chemo, na mimi nikamdanganya dokta

Wakuu, hamjambo. Mimi humu huwa nasoma tu, sijawahi kuandika. Nina miaka kumi na saba, niko Durban, darasani hata kuinua mkono naogopa. Haya nimeyatoa kwenye daftari langu kama yalivyo.

Ilianza Alhamisi, saa kumi na dakika ishirini jioni.

Nimetoka shule, nakuta Mama amekaa kitandani, midomo imekauka. Mama ana kansa ya shingo ya kizazi. Jumanne ya wiki ile aliwekewa dripu ya cisplatin, dawa yake ya chemo, na nesi alisema anywe maji mengi kila siku.

"Niko nafunga kavu," akasema. "Siku tatu. Hata tone moja."

Kwa wasiojua, kavu ni bila chakula na bila maji. Kwenye kikundi chetu cha maombi, ukifunga huku unakunywa maji wanakucheka kwamba uko diet.

Nikamkumbusha maneno ya nesi. Akacheka. "Nesi ndiye alikuzaa? Usiambie mutu."

Sikumwambia mtu. Niliandika tu.

Jumapili alipofungua, mkojo ulikuwa kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi.

Jumatatu tukaenda kupima damu. Mama hajui English, mimi ndiye mkalimani wake. Dokta akauliza kama anakunywa maji. Mama akanitazama: "Mwambie nakunywa sana."

Nikasema, "Yes doctor, a lot."

Dokta akakunja uso. Creatinine imepanda, yaani figo hazisafishi damu vizuri. Akasema kama anakunywa hivyo basi haelewi. Tupime tena kesho asubuhi, halafu aamue kuhusu dripu ya wiki hii.

Kwenye taxi ya kurudi Point, mtaani kwetu, Mama akaninong'oneza: "Leo naanza kavu tena. Dripu inikute mu maombi."

Eish.

Jirani yetu Dada Njeri ni Mkenya, anasoma masters, utafiti wake ni wa seli za figo. Jioni ile nikagonga kwake, nikasingizia assignment ya Life Sciences.

Akanichorea nyuma ya bahasha. Dawa inaingia kwenye seli za figo, inajaa humo, inaharibu DNA. Protini moja, p53, inaona uharibifu, inapeleka habari kwa mitochondria, mitambo ya nishati ya seli. Mitochondria zinavuja. Vimeng'enya vinavyoitwa caspase vinaamka, vinaikatakata seli kutoka ndani.

"Seli haiuawi," akasema. "Inaamrishwa ijiue. Na inatii."

Nikauliza maji yanasaidia nini.

"Yanaisukuma dawa itoke kabla haijajaa. Bila maji, wee, si umezifungia seli ndani nayo?" Akanitazama. "Njoo hapa, hii ni assignment kweli?"

Nikasema ndiyo. Yaani hata pale nilidanganya.

Sehemu ya mwisho inaniuma, kwa hiyo acha funzo litangulie. Simlaumu mtu kwa kuomba. Ila ukiwa mdomo wa mgonjwa, sema yote, na useme kabla ya dripu. Mimi nilinyamaza kwa aibu, nikaita heshima. Mwenye mgonjwa aliyesimamishiwa cisplatin aniambie walifanyaje. Mnaweza kunitukana mimi, Mama yangu mwacheni.

Jumanne asubuhi, damu ikapimwa. Creatinine imepanda zaidi. Dokta akauliza swali lilelile, Mama akatoa jibu lilelile.

Nikamwambia dokta kwa English kwamba hakunywa siku tatu, hajanywa tangu jana, na jana nilidanganya mimi.

Mama hakuelewa maneno. Alielewa dokta alipoweka kalamu chini.

Cisplatin ikasimamishwa. Dokta hajui kama figo zitarudi, na kansa bado iko pale pale. Nikamtafsiria Mama yote, neno kwa neno.

"Mutoto wangu," akasema, "umeniuza."

Nikafungua chupa ya maji, nikamshikia mdomoni. Akageukia ukutani. Niliendelea kuishika chupa.