Hodi Haikutoka Kwetu

Kaburi la Sharifu lilikuwa upande wa juu wa kijiji chetu, Likoni, ukitoka msikitini ukafuata njia ya minazi. Aliyelitunza ni bibi yangu mzaa mama, kama mama yake kabla yake. Alifagia, alipangusa jiwe, alinyunyiza marashi, na kila mwaka katika mwezi wa Mfungo Saba, siku ya ziara, alilivisha kaburi kitambaa kipya cha kijani alichokishona mwenyewe. Siku hiyo ng'ombe alizungushwa kijiji kizima, matari mbele, bendera na vyetezo nyuma, mpaka kaburini. Huko ndiko alikochinjwa, na huko ndiko tulikopika bokoboko na pilau, akala mwenyeji na mpita njia.

Kisha ikaja seng'enge. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Wazungu. Shamba la mikorosho lililopakana nasi liliongezwa ukubwa, sijui kwa hati gani, na asubuhi moja tukaamka tukaona vigingi vimepita nyuma ya msikiti na kulimeza kaburi. Meneja wa shamba alikuwa Mzungu aliyejivunia Kiswahili chake. Hakutukataza ziara, la. Aliwaita wazee akawaambia kwa upole kwamba siku hiyo lango litafunguliwa, ila tufike kwa adabu, tusimame nje, tupige hodi, na bawabu atatukaribisha. Naamini mpaka leo kwamba alidhani anatuheshimu. Wazee walirudi wamefurahi, nami nikawachukia kwa furaha ile.

Bibi alikuwa barazani akipeta mchele. Kaka yake, aliyekuwa kiongozi wa ziara, ndiye aliyemletea habari.

"Hodi ya nani?" bibi aliuliza.

"Ya langoni, dadangu. Twapiga hodi, twaingia, twafanya shughuli yetu. Ni neno moja tu. Halivunji meno."

"Siku nitakayopiga hodi kwetu, huyo wa ndani atakuwa na haki ya kunyamaza. Ama ya kunambia nirudi kesho." Akapuliza makapi. "Mimi sipigi. Na kitambaa ninacho mimi."

Hapo shughuli ikakwama. Bila kitambaa hakuna ziara, na bila hodi hakuna kuingia. Msidhani bibi hakuogopa. Juma lile alishona huku akijidunga sindano, mwanamke ambaye angeweza kutunga uzi akiwa amefumba macho. Msimamo wake ungeshindwa, kaburi lingebaki na kitambaa kilichochakaa, kwa mara ya kwanza tangu mama yake alipomkabidhi ufagio.

Siku ikafika. Tulimzungusha ng'ombe tangu jua lilipochomoza, mimi nikiwa na chetezo cha udi mkononi, nyuma kabisa ya bibi. Tulipofika langoni matari yalikuwa yamepamba moto. Bawabu alisimama ndani, rungu kwapani. Alikuwa Mduruma, Mkristo, mtu mwema aliyetusalimu kila alipopita kijijini kwenda kununua tumbaku.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fungua."

"Nipigieni hodi tu, bibi yangu. Mimi niseme karibu, mambo yaishe. Niliwekwa hapa nisikie hodi."

"Wewe ndiwe wa kunikaribisha? Humo nafagia tangu mamako hajaolewa!"

Kaka yake bibi akajikohoza, akafungua kinywa. "Ho..."

"Nyamaza!"

Matari yakanyamaza pia. Tukasimama. Ng'ombe akaanza kutafuna majani chini ya seng'enge kana kwamba hayamhusu. Jua lilipanda, na bokoboko si chakula cha haraka. Wanawake walianza kunong'ona kwamba tutalisha watu nini. Kaka yake akamsogelea bibi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka turudi na ng'ombe mzima, tuchekwe mpaka Mtongwe.

"Turudi," bibi alisema. Kitambaa alikuwa amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili, na mimi nilitaka kumtupia mtu makaa ya chetezo, yeyote yule.

Bawabu alikuna kichwa. Alimtazama ng'ombe, akatutazama sisi, akaangalia nyuma kuelekea nyumba ya meneja. "Bibi," alisema pole pole, "mimi niliambiwa nisikie hodi. Sikuambiwa itoke kinywani mwa nani."

Bibi alimkazia macho. Kisha uso wake ukafunguka.

"Ndoo huku nde, mwanangu."

Bawabu akafungua lango, akatoka nje. Bibi akampita, akaingia yeye, akageuka, akasimama katikati ya lango na buibui lake. Bawabu akabaki nje pamoja na ng'ombe. Akavua kofia.

"Hodi!" alisema.

"Karibu!" tulipokea wanawake sote, na vigelegele juu.

"Karibu kwetu, mwanangu," bibi alimwambia. "Pita. Ukifika kaburini vua viatu."

Jioni meneja alimuuliza bawabu kama watu walipiga hodi. "Hodi ilipigwa, bwana," alijibu, na hakusema uongo hata kidogo. Tangu mwaka ule sahani ya kwanza ya bokoboko ikawa yake, na kila mwaka akatoka nje, akapiga hodi, akakaribishwa.

Ukaja uhuru. Meneja akafunga mizigo yake, na shamba likachukuliwa na mmoja wetu, mtu wa pwani hii hii, aliyesimama majukwaani akatuambia ardhi inarudi kwa wenyewe. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Mfungo Saba wa kwanza baada ya bendera mpya, tulikwenda kwenye ziara tukijua kwamba seng'enge haitakuwapo.

Ilikuwapo. Ilikuwa imekazwa upya. Lango lilikuwa wazi kabisa, na katikati yake alisimama bwana mpya na suti yake, mikono ameikunjua, na bawabu wetu nyuma yake akitazama chini.

"Karibuni, mama zangu!" alisema. "Karibuni sana!"

Wanaume walianza kuitikia. Matari yakapanda. Wakati ule macho ya bibi yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, na mimi ndimi niliyemshika mkono. Akasimama ghafla, karibu nimkanyage.

"Ni nani huyo anikaribishaye?"

Nikamwambia.

"Mwambie atoke nde," alisema, "apige hodi."

Nilimwambia, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapiga matari. Bwana yule alicheka, akatazama huku na huku, akakuta anacheka peke yake.

Kaka yake bibi akajikohoza, akasogea mbele na mkongojo wake.

"Ni neno moja tu, mwanangu," alimwambia. "Halivunji meno."