Mtani wa Marehemu

Jirani yangu alinitukana kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa, na namshukuru Mungu kwa kila tusi. Alikuwa Mwislamu wa pwani, fundi wa kuziba mashua zinazovuja, mzee mkali mwenye maoni juu ya kila jambo lisilomhusu. Mimi ni Mmakonde, Mkatoliki, mjane. Nilishuka kutoka uwanda wa juu wa Mueda kumfuata mume, mume akafa, nikabaki Palma na shamba langu la mihogo kule upande wa Mute. Watu wetu na watu wao ni watani. Asiyejua utani angetusikia tukiamkiana angekwenda kuita polisi.

"Kafiri! Hujafa tu?" ananiuliza alfajiri, anatoka msikitini.

"Nakungoja wewe utangulie."

"Mimi siendi unakokwenda. Nyinyi mnakwenda motoni, walaji wa panya nyie."

"Ndiyo maana nalima mihogo mingi. Utakuja unaomba ya kuchoma, mvivu wewe, uliyezaliwa umekaa."

Basi hapo siku imeanza vizuri. Mchana mkewe ananiletea samaki, jioni mimi napeleka kisamvu, na Idi ikifika nakaa jikoni kwao kukuna nazi kama mtoto wa nyumba ile. Mwanawe wa pekee nilimbeba mgongoni. Mume wangu alipokufa, huyo mzee alikuja matangani akavaa koti la marehemu, akatembea kwa maringo kama alivyotembea mume wangu, akanidai chakula kwa sauti ileile ya puani. Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka nikaweza kulala. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Siku ile nikamwambia, nawe ukifa nitakulipa. Akasema, "Ole wako ukae kimya."

Kisha ikaja gesi.

Ninaposema ikaja, msidhani tuliiona. Gesi ilikuwa chini ya bahari, mbali, na mimi hadi leo napikia mkaa. Kilichokuja ni magari meupe yenye vibendera, helikopta zilizowatia kiwewe kuku wetu, na mikutano. Jamani, mikutano! Tulikalishwa juani tukaambiwa kwa Kireno kwamba tumekuwa matajiri, halafu mkalimani akatuambia kwa Kiswahili tuwe na subira. Baada ya mikutano zikaja orodha za kazi. Kila kijana aliandikwa, na kila orodha ilipotelea ofisini. Vijana wa pwani walipokwenda kwenye kambi ya watu wa gesi kuuliza, wakakuta watu wa bara wameshavaa helmeti na viatu vya chuma. Wakarudi na jibu lao: hao wakuja wameitwa kwa sababu ni Wakristo, na serikali ni ya kwao. Mimi hapa, Mkristo wa kutupwa, katekista kabisa, ninayeongoza sala padri asipokuwepo, sikuitwa hata kufagia. Lakini nani alikuwa na muda wa kuniuliza?

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni sisi watu wa utani tu tunaoweza kulifanya.

Kanisa letu lilikuwa kibanda cha udongo na makuti, na waumini wake walijaa mabenchi manne ukihesabu na wanaonyonya. Jumapili moja nafunga mlango, vijana wamekaa ng'ambo ya njia, na mtoto wa jirani yangu yumo. Akapaza sauti: "Kafiri!"

Mimi nikafurahi! Nikajisemea, lo, mtoto amekua, sasa anajua kunitania kama baba yake. Nikamjibu papo hapo: "Kafiri mwenyewe, uliyejua kuogelea kabla hujajua kunawa!" Nikacheka peke yangu. Hakuna aliyecheka. Nikadhani tusi langu lilikuwa limepoa. Wiki nzima nikipalilia nilikuwa natunga matusi makali zaidi, na Jumapili iliyofuata nikawapa yote, mazuri kwelikweli, hata leo najivunia mawili matatu. Wakanitazama tu. Jumapili ya tatu jiwe likatua juu ya makuti katikati ya Baba Yetu. Mimi mpumbavu nikawaambia waumini, "Msijali, hao wanatania."

Mzee alikuja kwangu siku ile bila kuniita kafiri, na hilo lilinitisha kuliko jiwe.

"Mtani," akasema, "wale hawakutanii. Wanamaanisha wanachosema."

Mwanawe alikuwa amekaa miaka miwili akingoja orodha. Katika kungoja huko akapata walimu wapya, watu ambao baba yake hakuwajua, waliomwambia nani wa kulaumiwa. Walimwambia pia kwamba utani wa msibani ni uzushi, na kwamba wazee wetu walikuwa hawajui dini. Yaani baba mtu, anayeswali tangu kabla mimi sijazaliwa, alikuwa anafundishwa Uislamu na mtoto asiyeweza kuamka alfajiri bila kumwagiwa maji. Mzee alikasirika, kisha akahuzunika, na huzuni ilimkaa vibaya, haikuwa saizi yake.

Sisi Wakristo nasi tulikuwa mashujaa wa kupigiwa mfano. Nusu yetu walikumbuka ghafla kwamba wana ndugu mgonjwa Mueda. Padri alikuja kutoka mbali kututia moyo, akahubiri ujasiri kwa muda mrefu, akala kuku wetu, akaondoka kabla ya adhuhuri kwa sababu, alisema, barabara si salama. Ujasiri akatuachia sisi. Niliendelea kufungua mlango kila Jumapili. Msinisifu. Picha za watakatifu huwaonyesha wametazama juu, nyuso zimetulia. Mimi nilikuwa natazama nyuma kila hatua tatu. Lakini nilimwamini Yesu tangu nikiwa msichana, na sikuona vipi nitamwambia aningoje mpaka vijana wapate kazi.

Mwaka ule mzee akaugua kifua. Nikawa naingia kwao kwa mlango wa nyuma, wa jikoni, mkewe akinifungulia kila mwanawe alipotoka.

"Watanizika kimya kimya kama mwizi," mzee akaniambia. "Mwanangu amekwisha kula kiapo. Mtani asikanyage."

"Nitakuja."

"Na hiyo rozari yako shingoni?"

"Na rozari yangu shingoni. Kwani nikija bila hiyo utanitambua?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na katikati ya kikohozi akapata pumzi ya kusema, "Kafiri mkubwa wewe." Hatukusemezana tena baada ya hapo.

Akafa siku ya Alhamisi, mapema. Nilisikia kilio nikitoka nyumbani kwenda shamba, jembe mkononi. Nikanawa, nikafunga kitenge changu kizuri. Nikajikaza kisabuni, nikaenda.

Mwanawe alisimama mlangoni pa ua, macho mekundu. Wenzake wawili walikuwa nyuma yake.

"Rudi," akasema. "Hapa hakuna utani. Na kafiri haingii."

"Nimekuja kumzika mtani wangu."

"Unataka kuingia?" Akaninyooshea kidole kifuani. "Vua hiyo. Itupe. Tamka shahada hapa mbele ya watu, uingie kama binadamu. Hutaki, ondoka, na kile kibanda chenu Jumapili usikifungue. Mimi nimekuonya."

Watu wote walikuwa wananitazama. Sasa niseme ukweli, kwa kuwa hapa sihubiri. Nilitaka kutamka. Maneno yenyewe nayajua, nimeishi jirani na msikiti maisha yangu ya utu uzima, naweza kuyasema hata usingizini. Ningeyasema, ningeingia, ningemtania mzee wangu, na jioni ningemwambia Mungu, unaujua moyo wangu. Na kweli anaujua. Hilo ndilo tatizo lenyewe. Nilimwona pia mzee amelala mle ndani, mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa aliniambia kila siku kwamba nitachomwa, na hata siku moja hakuniambia nivue.

"Mwanangu," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, "mimi ni wa Yesu. Nikitamka nisichokiamini, baba yako atasindikizwa na mwongo. Waongo mnao tayari, wa nini tena mwingine?"

Akanisukuma.

Nikaanguka chali mlangoni, kitenge huku, kiatu kule. Ndugu zangu, ni aibu mwanamke wa umri wangu kulala mchangani mbele ya mji mzima. Nilitaka kuinuka haraka. Kisha nikaona mahali nilipoangukia, nikaona kumbe yule kijana amenisaidia kazi. Maana mtani wa marehemu analala hapohapo, njiani, jeneza linakopita. Analala, na wabebaji hawamruki, mpaka mfiwa amuulize anataka nini ndipo apishe, naye ataje madai yake, ya kuchekesha iwezekanavyo, apewe au aahidiwe. Nikatulia. Nikavuta kitenge kikafunika magoti, nikalala vizuri kama mtu aliyetandikiwa.

Jeneza likatoka. Walilibeba wazee wanne, mafundi wenzake wa mashua, kila mmoja nimewahi kumtukana. Wakafika miguuni pangu wakasimama.

"Mrukeni!" akasema kijana.

Hawakusogea.

"Nimesema mrukeni! Maiti haicheleweshwi! Huu ni uzushi!"

"Mtani harukwi," akasema mzee wa mbele, jasho likimtiririka. "Kama unataka maiti iharakishwe, muulize anataka nini."

"Simuulizi kafiri."

"Basi tutakaa. Mimi bega linaniuma, lakini tutakaa."

Jua lilikuwa linapanda. Ndani wanawake waliacha kulia wakasikiliza. Wenzake wale wawili wakamnong'oneza kitu, akawakatalia, wakamnong'oneza tena, akawasukuma pembeni. Mimi nimelala, natazama juu, moyo unanidunda mpaka rozari inacheza kifuani. Niliwaza, akiamua kunipiga teke atanipiga wapi? Nikawaza, Yesu, sikusogea, umeona? Sijui kama hiyo ndiyo sala, lakini sikuwa na nyingine.

Mwisho akaja akasimama juu yangu.

"Unataka nini?" akasema, meno yamebana. "Unataka nini, utupishe?"

Nilikuwa na madai yangu tayari. Niliyatunga tangu mzee alipougua, na yalikuwa mazuri. Nilitaka nyundo yake ya kuzibia mashua, nikabangulie korosho. Nilitaka kanzu yake ya Idi, nikalimie. Nilitaka mkewe anipikie wali wa nazi siku saba mfululizo, na huyu kijana wao anibebe mgongoni mpaka Mute na kurudi, akiimba. Wazee wangecheka jeneza likatikisika, na marehemu, kama wafu wanasikia huko, angenitukana kwa furaha.

Nikafungua mdomo. Nikageuza shingo nikatazama jeneza. Alikuwa mdogo chini ya shuka lililofunika jeneza, mdogo kuliko nilivyomjua, na alikuwa kimya. Nimemwona mtu huyu akiumwa, akifunga, akigombana na mkewe, akisubiri mvua. Kimya sikuwahi kumwona.

"Namtaka yeye," nikasema.

Sikupanga kusema hivyo. Halikuwa dai la mtani, hakuna aliyecheka, na mimi nikaanza kulia palepale chali, machozi yakiniingia masikioni.

Yule kijana akachuchumaa mchangani. Uso wake ukaja karibu na wangu.

"Hata mimi," akasema.