Betri Nilizoanika Juani

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Mke wangu Minza alikuwa amerudi kwao Nkololo kwa hasira, nami, kinyozi wa Somanda, nikabaki na redio ya kaseti. Mke na mume fulani, wanamuziki maarufu, walikuwa wametoa kaseti ya majaribio, ngoma za Kisukuma na kinanda cha umeme. Nikaipiga kibandani. Sauti ya mwanamke ikajikokota kama ng'ombe mgonjwa.

"Wameharibu," akasema mteja mmoja.

"Ndiyo mtindo wa Ulaya," akajibu mwenzake.

"Hamjui mapenzi!" nikafoka, mkasi mkononi. "Huyu mama analia upweke. Aliyeachwa ndiye anayeelewa." Machozi yakanitoka kweli.

Mdogo wake Minza, aliyekuja mjini kununua betri, akaingia, akasikiliza, akafungua kifuniko cha betri cha redio yangu. Maduka yalishajaa bidhaa, lakini mimi bado nilikuwa naanika betri kuukuu juani zipate nguvu kidogo, kama enzi za uhaba. Akatia zake mpya. Wimbo ukachomoka mbio, furaha tupu, wateja wakainuka kucheza.

"Ndivyo wimbo ulivyo, shemeji," akasema. "Dada anaucheza kila asubuhi akifagia."